Kufunga muhula wa kwanza: Kombe la Madarasa, chakula cha mchana na wanafunzi wanaokodiwa ndondo

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula umekwisha salama. Ripoti ya mwanao anayo mkononi. Isome, uisaini, airudishe siku ya kufungua shule. Tarehe imeandikwa humohumo.

Nianze na lililotufurahisha. Waliofika uwanjani siku ya fainali ya Kombe la Madarasa walijionea wenyewe. Utaratibu wa kombe letu tuliuiga Mathare, Nairobi, ambako chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilianza mwaka 1987 na kikawazoesha vijana kwamba timu inapata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa pia, si kwa mabao peke yake. Sisi tukaongeza mahudhurio: darasa lenye watoro linakatwa pointi. Kidato cha Pili B walipigwa mechi mbili za mwanzo, na bado wakaingia fainali, kwa sababu walizibua mtaro wa sokoni uliokuwa umeziba tangu masika na wakawa wanapitiana majumbani asubuhi ili asibaki hata mmoja. Mwalimu wa taaluma amenionyesha daftari lao la mahudhurio, na amenionyesha pia alama zao za Hisabati na Biolojia. Zimepanda. Naandika hili kwa fahari kubwa.

Wasichana nao walicheza. Wapo wazazi waliokuja ofisini kuniambia mpira unaharibu binti. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu ya Tanzania ya mabinti wa chini ya miaka 17, waliifunga Ufaransa 2–1 kwenye Kombe la Dunia kule India na wakafika robo fainali. Mabinti zenu walipomaliza mechi yao walikaa chini ya mwembe na muuguzi wa zahanati, jezi zikiwa bado zimelowa jasho, wakamuuliza habari za hedhi na ujauzito ambazo darasani hakuna anayenyoosha mkono kuziuliza. Muuguzi aliondoka jua limezama.

Siku hiyohiyo wanafunzi walimeza dawa ya kichocho. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria tunaujua ugonjwa huu. Vijana wakitoka mazoezini wanajitupa ziwani kuoga, palepale penye matete na konokono, na tumbo likianza kusokota au choo kikiwa na damu wanaficha. Kwa hiyo tumewaamuru waoge kwa maji ya tangi la shule. Siku ya dawa kila mtoto alisimama kwenye ufito wenye alama, na alama inayofikia utosi wake ndiyo inayosema ameze vidonge vingapi. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alinyanyuka kwa vidole vya miguu ili aonekane mrefu, muuguzi akamkandamiza mabega taratibu mpaka visigino vikagusa chini.

Dawa ile haifai kumezwa na tumbo tupu. Tulipika makande kwanza, wote wakala. Na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane, maana makande yale yalitokana na mahindi ya wazazi wachache. Serikali iliondoa ada mwaka 2016. Chakula cha mchana tulikubaliana sisi wenyewe kwenye mkutano wa wazazi: debe moja la mahindi na kilo 5 za maharage kwa mwanafunzi. Mlinyoosha mikono, muhtasari upo. Zaidi ya nusu yenu hamjaleta hata punje, na watoto wenu wanakula kila siku kutoka kwenye sufuria iliyojazwa na mama ntilie na wavuvi wenye kipato kidogo kuliko chenu. Asiyeweza aje tuzungumze, nitamsikiliza. Anayeweza na hataki, nitamwita mbele ya bodi ya shule.

La mwisho ndilo lililoniumiza zaidi. Wanafunzi watatu wa Kidato cha Nne hawakufanya mtihani wa Kiswahili. Mmoja aliniletea barua ya mzazi kwamba anaharisha. Saa ile ile ya mtihani walikuwa kijiji cha pili, wamekodiwa na timu ya ndondo, yaani mpira wa mtaani, kama mamluki, na mzazi aliyeandika barua alikuwa pembeni ya uwanja akishangilia. Nilipomuuliza alinijibu kwamba mpira ni ajira. Ajira gani ya shilingi elfu kumi na soda? Akivunjika mguu, nani atamtibu? Wenye timu walishaondoka na pikipiki zao. Shule hii inatumia mpira kumvuta mtoto aje darasani. Mzazi anayeutumia kumtoa darasani anabomoa kazi ya walimu na ya watoto wenzake, na anamfundisha mwanawe kusema uongo kwa saini ya baba yake.

Wanafunzi hao hawatachezea timu ya shule mwaka huu, pamoja na kwamba mmoja wao ni mshambuliaji wetu bora. Watafanya mtihani huo upya wiki ya kwanza ya muhula. Wazazi wao wafike ofisini nao siku ya kufungua, saa mbili asubuhi, kabla ya mtoto kuingia darasani. Mjomba au kaka hatapokelewa kwa niaba ya mzazi aliyepo.

Mahindi na maharage yapokelewe stoo kwa mwalimu wa chakula, na mdai stakabadhi.

Nawatakia likizo njema.

Mkuu wa Shule