Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lignosalfoneti na Maji ya Zege

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na ada zilizochelewa zina ajenda yake. Taarifa yangu naielekeza kwenye ile dawa ya kahawia inayotiwa kwenye zege, lignosalfoneti, maana wengi wetu bado tunaitumia kwa kukisia.

Asili yake ni mti. Kiwanda kinapopika vibanzi vya mti kwa njia ya salfaiti, yaani kwa chumvi za salfa, ili kupata rojo ya karatasi, lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti, huyeyuka na kutoka pamoja na maji ya kupikia. Maji hayo yakikolezwa huuzwa kama uji mzito. Yakikaushwa huwa unga. Huko Sarpsborg, Norwei, kiwanda cha Borregaard hutoa humohumo hata vanilini ya kutia ladha kwenye keki. Wanaopendekeza tuchukue maji meusi ya kiwanda cha karatasi cha Mgololo wajue kwamba kule mti hupikwa kwa njia nyingine, ya krafti. Maji hayo yana soda kali inayounguza ngozi, yakikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu, na kiwanda huyachoma kwenye boila ili kurudisha kemikali zake. Maji hayo si lignosalfoneti, na mtu asiyatie kwenye zege.

Kazi ya lignosalfoneti ni hii: saruji ikikutana na maji, chembe zake hujikusanya mafungumafungu na kufungia maji katikati. Dawa huzitawanya, maji yakaachiliwa, zege likalainika. Sasa fundi akiona limelainika na asipunguze maji, nguvu haiongezeki. Amenunua wepesi wa kumwaga tu.

Kipimo cha kuanzia ni asilimia 0.25 ya uzito wa saruji, ikihesabiwa dawa kavu. Mfuko wa kilo 50 unadai gramu 125. Ikiwa ni ya maji yenye ukavu (sehemu ya dawa kavu iliyomo) wa asilimia 40, hiyo ni gramu 312 hivi, kama mililita 260. Soma lebo ya pipa kabla ya kupima, kwa sababu ukavu hutofautiana. Kama mfuko ulikuwa unakula lita 30 za maji, anza kwa kupunguza lita 2 hadi 2.5, kisha pima kwa koni ya slampu, ile inayoonyesha ulaini wa zege. Usiimwage juu ya saruji kavu, itanyonywa kabla ya kufanya kazi. Washa mashine, tia sehemu kubwa ya maji, acha izunguke dakika moja, ndipo utie dawa pamoja na maji yaliyobaki.

Makosa yanayorudi ni ya kuzidisha. Dawa hii ina mabaki ya sukari za mti, na sukari huchelewesha saruji kushika. Kwenye joto la Dar es Salaam ucheleweshaji wa saa moja ni msaada. Kwenye baridi ya Njombe fomu, zile mbao zinazoshikilia zege, zitakaa muda mrefu zaidi. Ukitia mara mbili au tatu ya kipimo, kesho yake zege bado litakuwa bichi. Usikimbilie kulivunja: lifunike kwa nailoni, lisikauke, usiguse fomu, na lipime upya kabla ya kulibebesha mzigo. Dawa pia huingiza hewa, na kila asilimia moja ya hewa iliyozidi hula takriban asilimia 5 ya nguvu.

Kwa matofali ya saruji siipendekezi. Mchanganyiko wake ni mkavu, tofali linatolewa kwenye fomu papo hapo, hivyo faida ni ndogo na kuchelewa ni hasara. Kwa vumbi la barabara za changarawe inafaa, ila huyeyuka kwenye maji. Ukinyunyizia kabla ya masika, mvua itaiondoa.

Mkutanoni nitaomba tupitishe mambo mawili: chama kinunue mizani inayosoma gramu kwa kila tawi, na tusipokee pipa lisiloandikwa ukavu wake.