Jenereta ya Duka na Nyumba: Tudai VAT Kiasi Gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kudai Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), yaani kudai kurudishiwa kodi tuliyolipa wakati wa kununua, kwa mali inayotumika dukani na nyumbani. Nilinunua jenereta kwa shilingi 5,900,000, ambamo kodi ya asilimia 18 ni shilingi 900,000. Kwa kuwa usiku jenereta hiyo huwasha taa za nyumbani kwangu, nadai sehemu ya biashara tu, saa 6 kati ya 10 inazowaka kwa siku, yaani shilingi 540,000, na saa hizo naziandika daftarini kila siku. Mshauri mmoja alinihimiza nidai zote kwa kuwa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi) ninayo. Lakini risiti huthibitisha malipo, si matumizi. Naiomba Mamlaka ya Mapato itufafanulie, kwa Kiswahili na kwa mifano ya hesabu, kumbukumbu zinazokubalika.

Mfanyabiashara,
Mwanza