Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani: Fungua msamaha kwa bombomu za urithi

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Mimi ni mzungumzaji wa Kiswahili, mkazi wa kudumu wa nchi hii, na mkusanyaji wa silaha za vita vya zamani. Naomba utangaze kipindi cha msamaha, ili wenye bombomu (bunduki zinazopiga risasi mfululizo) za kale zisizosajiliwa, zikiwemo zilizogeuzwa zipige risasi moja moja, waziandikishe bila kushtakiwa.

Silaha hizi ni sehemu ya historia yetu pia. Babu zetu wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikuwa na bombomu aina ya Bren walipopigana Burma mwaka 1944. Mjukuu wa mtu wa namna hiyo akiiona Bren mnadani hapa Marekani, anaona kitu cha ukoo wake, na hapo ndipo anapoweza kuponzwa na sheria asiyoielewa.

Wengi huamini kwamba bombomu ikishaondolewa uwezo wa kupiga mfululizo, imekuwa bunduki ya kawaida. Sivyo. Sheria ya Taifa ya Silaha ya 1934 haiangalii tu jinsi silaha inavyopiga leo. Inahesabu pia ile iliyoundwa ipige mfululizo, na ile inayoweza kurejeshwa upesi katika hali hiyo. Inahesabu hata risiva peke yake, yaani kile chuma cha katikati kinachoshika mtambo mzima. Tazama M14, bunduki ya jeshi la Marekani. Askari wengi walipewa M14 ambayo swichi ya kuchagulia mfululizo ilikuwa imefungwa, wakapiga risasi moja moja muda wote wa utumishi wao. Mbele ya sheria, risiva ya M14 hiyo bado ni bombomu, hali M1A ya kiraia inayofanana nayo ni halali kwa sababu risiva yake ilitengenezwa tangu mwanzo kwa risasi moja moja. Fundi akigeuza risiva asilia kwa nia njema kabisa, kosa linabaki palepale.

Njia halali ipo, lakini ni nyembamba. Risiva ya zamani hukatwa kwa moto, vipuri vinavyobaki huuzwa, na mnunuzi huviunga kwenye risiva mpya ya nusu-otomatiki, yaani ya kupiga risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Mwaka 2003 ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, ilichapisha maelezo ya jinsi ya kuzikata silaha za kijeshi za Browning M1919, FAL, G3 na Sten. Serikali imeeleza vizuri namna ya kuua bombomu. Kuhusu namna ya kuunda mrithi wake halali, majibu mengi yamo katika barua za ATF kwa mtengenezaji mmoja mmoja, ambazo mtu wa kawaida hazioni. Kisha kuna maamuzi ya ATF ya 1982, yaliyozihesabu kuwa bombomu hata baadhi ya silaha za risasi moja moja zinazopiga bolti, kipande kinachosukuma risasi ndani ya mtutu, ikianzia nyuma. Bren asilia hupiga hivyohivyo. Kuna pia kifungu cha 922(r) cha sheria za shirikisho: bunduki ya nusu-otomatiki ya aina isiyoruhusiwa kuingizwa nchini isiungwe kwa vipuri zaidi ya 10 vya kigeni kati ya 20 vilivyoorodheshwa.

Kwa raia, kukosea hapa kunaweza kumpeleka gerezani hadi miaka 10 kwa kumiliki bombomu isiyosajiliwa. Kwetu tusio raia kuna adhabu nyingine juu ya hiyo. Sheria ya uhamiaji inaitaja hukumu ya kosa hili, na hata ya kile kifungu cha hesabu ya vipuri, katika kundi lake la makosa mazito kabisa. Mkazi wa kudumu akitiwa hatiani, hakimu wa uhamiaji hawezi tena kumfutia amri ya kuondolewa nchini kwa kuangalia miaka aliyoishi hapa, watoto wake au kodi aliyolipa. Mtu anatenganishwa na familia yake kwa sababu ya kipuri cha kumi na moja. Hilo linaniuma, na naamini Bunge halikuwa na mtu wa namna hii akilini.

Najua utafikiria usalama wa umma. Nami naufikiria, kwa kuwa naishi hapa na wanangu wanasoma hapa. Msamaha hauongezi bombomu hata moja. Hizi zipo tayari, darini na chini ya vitanda vya wajane ambao waume zao walirudi nazo kutoka vitani. Leo mjane huyo hawezi kuisajili hata akitaka. Anabaki na kuisalimisha ikaharibiwe, au kuificha. Silaha iliyoandikwa, yenye namba na mmiliki anayejulikana, ni salama kuliko iliyofichwa.

Marekani imeshawahi kufanya hivi. Baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Haynes ya 1968 kuona kwamba usajili wa wakati ule ulimlazimisha mtu ajitie hatiani mwenyewe, sheria ilirekebishwa na mlango ukafunguliwa kuanzia Novemba 2 hadi Desemba 1 mwaka huo. Kifungu cha 207(d) cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968 kiliruhusu misamaha mingine, kila mmoja usiozidi siku 90, baada ya tangazo katika gazeti la serikali. Mamlaka hayo sasa ni yako. Wapo watakaosema kwamba marufuku ya Mei 19, 1986, iliyozuia raia kumiliki bombomu ambazo hazikuwa zikimilikiwa kihalali kabla ya siku hiyo, iliyaua mamlaka hayo. Lakini marufuku hiyo yenyewe imeacha nje umiliki unaofanyika kwa mamlaka ya Marekani.

Basi tangaza siku hizo 90. Zihusu silaha za kale zilizokwisha kuwepo nchini, na waliogeuza risiva asilia kwa nia njema waruhusiwe kuzileta. Tamka wazi kwamba atakayejitokeza, raia au mkazi, hatafikishwa kwa maofisa wa uhamiaji kwa sababu ya silaha aliyoileta mwenyewe. Pamoja na tangazo hilo, ATF ichapishe kanuni moja inayoeleza risiva halali ya nusu-otomatiki ni ipi, na ipatikane pia kwa lugha za wahamiaji, Kiswahili kikiwemo.

Wako katika kutii sheria,
Mkazi wa kudumu na mkusanyaji wa silaha za kale