Msimu Ujao Jukwaani: Kwa Nini Tiketi ya Msimu Haitamfunga Tena Mtu kwenye Kiti Kimoja

Kuelekea mwisho wa msimu uliopita, wakati wa mapumziko ya onyesho la dansi, mteja wetu wa siku nyingi alikuja kwenye dirisha la tiketi akiwa ameishika tiketi yake kama mtu aliyekuja kurudisha bidhaa mbovu. Alikuwa ameketi katikati ya safu ya kwanza, kwenye kiti ambacho amekuwa akikikalia msimu baada ya msimu, naye alitaka tumweleze ni kwa nini sehemu nzima ya kwanza ilipita bila yeye kuona unyayo hata mmoja wa mchezaji. Tuliingia naye ukumbini, tukaketi pale alipokuwa ameketi, tukamwomba fundi mmoja atembee jukwaani kutoka mbele kwenda nyuma. Malalamiko yalikuwa ya haki. Ukingo wa jukwaa letu uko juu kidogo ya macho ya mtu aliyeketi hapo, kwa hiyo kadiri fundi alivyorudi nyuma ndivyo ukingo ulivyommeza, kwanza nyayo, kisha vifundo, kisha sehemu kubwa ya miundi. Ajabu ni kwamba kiti hicho hicho ndicho alichokisifu wiki chache kabla, katika tamthilia ya watu wawili, alipoona machozi yakijaa machoni mwa mwigizaji kabla hayajadondoka.

Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tiketi ya msimu tuliyokuwa tukiiuza ilimpa mtu kiti kimoja kwa maonyesho yote, ilhali maonyesho yenyewe hayafanani hata kidogo. Kuanzia msimu ujao, mwenye tiketi ya msimu atachagua kiti upya kwa kila onyesho. Ili uchaguzi huo usiwe wa kubahatisha, tunaeleza hapa ni maonyesho gani yanakuja, kila moja linaufanya nini ukumbi wetu, na sisi wenyewe tungeketi wapi kama tungekuwa upande wa hadhira.

Msimu utafunguliwa kwa tamthilia yenye waigizaji watatu, isiyotumia vipaza sauti. Watu wengi hudhani kwamba katika tamthilia kama hiyo tatizo la mtu aliyeketi mbali ni sauti, lakini uzoefu wetu ni kwamba tatizo ni uso, kwa sababu masikio hupata msaada mkubwa kutoka kwa macho, na maneno yaliyonong'onezwa hueleweka kwa urahisi zaidi pale msikilizaji anapouona mdomo unaoyatamka. Wagiriki wa kale walikuwa na namna yao ya kulikabili jambo hilo. Ukumbi wa wazi wa Epidaurus, uliojengwa katika karne ya 4 kabla ya Kristo, unachukua watu wapatao 14,000, na unasifiwa hadi leo kwa jinsi sauti inavyosikika katika ngazi za juu kabisa. Lakini waigizaji wao walivaa vinyago, kwa hiyo hata aliyeketi mbele hakuwa na machozi ya kutazama. Sisi hatuna vinyago. Kwa tamthilia hii tunashauri safu ya 3 hadi ya 7, karibu na katikati. Mwongozaji ameuweka mlango wa nyumba ya wahusika upande wa kushoto wa jukwaa, na mtu mmoja muhimu husimama mlangoni hapo kwa dakika nyingi bila kusema neno. Aliyeketi mwisho kabisa wa safu upande huo hatamwona, na kwa sababu hiyo viti hivyo tumeviondoa katika mauzo ya onyesho hili.

Onyesho la pili ni dansi, na hapa tutakawia kidogo, kwa sababu dansi ndiyo iliyotuletea kesi ya yule mteja. Dansi huandikwa sakafuni. Anayeibuni hupanga watu kwa mistari, duara na pembe, akijua kwamba watatazamwa kutoka juu kidogo, na mchoro huo haumfikii mtu ambaye macho yake yako chini ya mchoro wenyewe. Viti bora ni vya kuanzia safu ya 8 kurudi nyuma, na vilivyo bora kupita vyote ni vya mbele kwenye roshani, ambavyo kwa muda mrefu wateja wetu wamevichukulia kama viti vya waliochelewa kununua. Kuna jambo jingine la kutazama mtakapoingia. Jukwaa halitakuwa lile la tamthilia, kwani juu yake tutakuwa tumetandika mbao zilizoinuliwa kwa vipande vya mpira, ili sakafu ibonyee kidogo mchezaji anapotua kutoka hewani. Sakafu ngumu isiyobonyea huumiza magoti na miundi, na kundi lolote linalojiheshimu hukataa kuicheza. Juu ya mbao hizo huja mikeka mirefu ya vinili, inayoviringishwa kama majamvi na kuunganishwa kwa utepe. Taa nazo hushushwa. Badala ya kumulika kutoka juu na mbele, nyingi husimamishwa kwenye nguzo pembeni mwa jukwaa, nyingine zikiwa usawa wa goti, ili mwanga uupige mwili kwa ubavu na kuonyesha umbo lake lilivyo.

Kwaya itakayofuata itaimba bila kipaza sauti wala spika hata moja, na hilo limetupa kazi zaidi kuliko onyesho lolote lingine. Ukumbi wetu ulijengwa kwa ajili ya maneno. Ili maneno yasigongane, mwangwi unapaswa kufifia ndani ya muda wa takriban sekunde 1, ilhali kumbi zinazosifiwa kwa muziki wa okestra hukaribia sekunde 2, muda ambao kwa msemaji ungekuwa uji wa sauti. Hatuwezi kubomoa kuta, lakini tunaweza kuondoa vitambaa. Mapazia mazito ya pembeni yatapandishwa, pazia la nyuma litatolewa, na nyuma ya waimbaji tutasimamisha mbao pana zitakazoirudisha sauti kwa hadhira badala ya kuiacha ipotee juu ya jukwaa. Kitu kimoja hatuwezi kukiondoa, nacho ni ninyi. Miili na nguo za watu hunyonya sauti, na ndiyo maana kwaya inayofanya mazoezi mchana katika ukumbi mtupu hujisikia ikiimba kwa mwangwi mtamu, kisha usiku, viti vikiwa vimejaa, hujisikia imekauka. Kwa onyesho hili msikimbilie mbele, kwa kuwa aliye safu ya kwanza husikia waimbaji wanne walio karibu naye na kuwakosa wengine. Ketini katikati ya ukumbi au nyuma yake kidogo, ila si kwenye safu za mwisho zilizo chini ya roshani, ambako sauti hufika ikiwa imefunikwa.

Vikaragosi havihitaji maelezo marefu. Kundi linalokuja huendesha kila kikaragosi kwa mikono ya watu watatu wanaoonekana waziwazi jukwaani, utaratibu unaofanana na ule wa bunraku, sanaa ya vikaragosi ya Japani, ambapo mmoja hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto na wa tatu miguu. Baada ya dakika chache jicho huwasahau wale watu watatu na kubaki na kikaragosi peke yake. Umbo lake ni dogo, kwa hiyo safu za mbele ni za watoto, mito ya kuwainua itapatikana mlangoni, na tunawaomba watu wazima warefu wawe na huruma.

Kwa mchekeshaji tutafanya jambo ambalo baadhi ya wateja huliona kama ukali, nalo ni kuifunga roshani hadi viti vyote vya chini vijae. Kicheko huambukiza pale watu wanapoketi bega kwa bega. Watu wale wale wakitawanywa katika ukumbi mzima, kila mmoja hucheka kwa aibu, kisha husema mchekeshaji hakuwa na kitu. Atakayechagua safu mbili za kwanza ajue kwamba huenda akaulizwa anafanya kazi gani.

Onyesho la mwisho ni utambaji wa hadithi, na usiku huo hakuna atakayechagua kiti, kwa sababu hadhira itaketi juu ya jukwaa lenyewe, ikimzunguka mtambaji, huku pazia likiwa limefungwa na ukumbi mzima ukiwa mtupu nyuma yake. Nafasi zitakuwa chache, na atakayefika mapema ndiye atakayeketi karibu.

Tumekuwa tukiulizwa ni kwa nini kuna siku kadhaa zisizo na onyesho lolote kati ya moja na jingine, wakati ukumbi unaonekana umekaa bure. Siku hizo ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote. Kuzielekeza taa peke yake huchukua siku nzima, kwa kuwa fundi hupanda ngazi hadi kwenye taa moja, na mwenzake husimama jukwaani pale hasa atakaposimama mwigizaji, akiwa amefumba macho, akingoja joto la mwanga limfike katikati ya uso. Likimfika husema "hapo", fundi hukaza skrubu, ngazi husogezwa, na kazi huanza upya kwa taa inayofuata.

Utaratibu wa wanaochelewa utafuata aina ya onyesho. Katika tamthilia mtangoja hadi tukio moja la jukwaani liishe, katika dansi hadi kipande kimoja kiishe, katika kwaya hadi wimbo ukome. Kwa mchekeshaji mnaweza kuingia wakati wowote, kwa hatari yenu wenyewe. Jambo lisilobadilika ni njia za kupita kati ya viti, ambazo hatutaziwekea viti vya nyongeza hata siku tiketi zitakapokwisha na watu wakabaki nje wakituomba. Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois mjini Chicago ulishika moto wakati wa onyesho la mchana lililofurika watu, na zaidi ya watu 600 walikufa, wengi wao wakiwa wamekwama mbele ya milango iliyofungwa au isiyofunguka kirahisi. Sheria nyingi za milango ya dharura zilikazwa baada ya siku hiyo, nasi hatutazilegeza kwa ajili ya kiti cha plastiki.

Tiketi mpya ya msimu, basi, itakuwa na maonyesho yote sita. Wenye tiketi hiyo watachagua viti wiki moja kabla ya mauzo ya kawaida kuanza, na watakaobadili mawazo wataruhusiwa kubadilisha kiti hadi saa 48 kabla ya onyesho, mradi kuna kilicho wazi. Anayekipenda kiti chake cha zamani anaweza kukichagua mara zote, ila kwa dansi tutamuuliza mara mbili kama ana hakika.

Yule mteja wetu alikuwa wa kwanza kujaribu utaratibu huu. Alichukua safu ya 3 kwa tamthilia, mbele ya roshani kwa dansi, na katikati ya ukumbi kwa kwaya. Alipofika kwa mchekeshaji alinyamaza kwa muda, kisha akaomba roshani tena, nasi tukamkumbusha kwamba itakuwa imefungwa. Akauangalia mchoro wa viti kwa makini, akachagua kiti cha pembeni kabisa kilicho karibu na mlango.