Mchoro wa barabara umewasahau wenye viti vya magurudumu

Ndugu Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Ile habari yenu kuhusu mchoro mpya wa barabara ya katikati ya mji imenishinda kunyamazia. Mmesifu miti, mabenchi na mstari wa kijani wa baiskeli. Mahali pa kupandishia kiti cha magurudumu hamkupataja.

Mimi humsukuma mama. Mwezi uliopita tulikuwa tunavuka barabara hiyohiyo, taa ikatugeukia tukiwa katikati. Muda wa taa hizi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mtu anayekwenda mita 1.2 kwa sekunde, na wazee wengi hawana mwendo huo. Kufika ng'ambo, mteremko wa pekee wa kupandia njia ya miguu umezibwa na gari, dereva hayumo. Ikabidi nimrudishe mama barabarani, mabasi yakitupigia honi mgongoni, mpaka tukakuta ukingo mtupu, na vijana wawili nisiowajua wakamnyanyua pamoja na kiti chake. Alikuwa amefumba macho. Tangu siku hiyo nikimwambia twende mjini anasema amechoka. Hajachoka! Anaogopa, na anaona haya kubebwa kama mzigo mbele za watu.

Ukingo wa sentimita 15 unataka mteremko wa karibu mita 1.8 ili mtu mmoja aweze kusukuma bila kupinduka. Nafasi hiyo itatoka wapi ikiwa benchi limeshawekwa hapo? Na huo mstari wa kijani ni rangi tu, gari linaupanda likitaka. Kule Copenhagen, Denmark, njia za baiskeli zimeinuliwa, zina ukingo wake.

Halafu kuna wachimba mabomba. Wanafukua njia ya miguu, wanafukia ovyo, wanaondoka. Vile vigae vyenye vinundu, alivyobuni Seiichi Miyake na kutandazwa mara ya kwanza Okayama, Japani, mwaka 1967, humwongoza asiyeona kwa nyayo na fimbo. Vikirudishwa upande upande vinampeleka shimoni.

Naomba hivi. Kabla mchoro haujatiwa saini, wahandisi wapakie gunia la mchanga la kilo 60 kwenye kiti cha magurudumu, walisukume barabara nzima, kwenda na kurudi, saa sita mchana siku ya kazi. Wakikwama, wapige alama ya chokaa, na kazi ianzie hapo. Kiti nitawaazima cha mama. Siku hizi hakitoki nje.

Msomaji wenu