Hoteli za kando ya maji Singida: mandhari ipo, ukarimu uko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu huduma katika hoteli zilizo kando ya maji hapa kanda ya kati. Sisi wakazi wa Dodoma tunapotaka kupumzika karibu na ziwa bila kusafiri hadi Mwanza, hupita Bahi, Manyoni na Ikungi mpaka Singida mjini, ambako kuna maziwa mawili ya maji chumvi, Singida na Kindai, yaliyozungukwa na majabali makubwa.

Hivi karibuni nilikaa na mama yangu mzazi katika hoteli moja inayotazama Ziwa Singida. Kwa mandhari, sina lawama hata kidogo. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tuliwaona heroe kutoka dirishani wakitembea kwenye maji ya kina kifupi na kuzamisha vichwa kutafuta chakula, na mama alikaa pale muda mrefu akiwatazama kwa furaha.

Kilichonisikitisha ni jinsi tulivyopokewa. Mama yangu ni mtu mzima, amepita miaka sabini, na alifika amechoka kwa safari. Kijana wa mapokezi hakumpa shikamoo wala pole. Alitusogezea fomu ya kujaza, akauliza tunalipa taslimu au kwa simu, kisha akatukabidhi ufunguo. Tangu hapo hadi tunaondoka tuliitwa kwa namba ya chumba, ingawa majina yetu yalikuwa kwenye fomu ile. Nilipomuuliza mhudumu wa chakula kama ndege wale wapo mwaka mzima, alinijibu, "Hao ni ndege tu wa ziwani, mzee," akaendelea kukusanya sahani. Mezani tuliwekewa vipakiti vya jamu, katika mkoa ambao asali yake tunainunua sisi watu wa Dodoma na kuipeleka kwa ndugu zetu kama zawadi.

Siwalaumu vijana wale. Nilimwona yule wa mapokezi peke yake akipokea simu, akitoa risiti ya EFD, akibeba mizigo ya wageni na kukimbilia jikoni kuulizia chakula kilichochelewa, na mtu aliyebebeshwa kazi za watu wanne hawezi kupata nafasi ya kumjulia hali mgeni. Kwa maoni yangu kosa ni la wenye hoteli, ambao hutumia fedha nyingi kununua kiwanja cha ufukweni na kupanga madirisha yaelekee ziwani, lakini wakifika kwenye ajira na mafunzo wanabana matumizi, kana kwamba ziwa ndilo litakalomkaribisha mgeni. Wanyaturu na Wanyiramba, wenyeji wa mkoa huo, wanajua kupokea mgeni. Inashangaza kwamba ukarimu unaoupata nyumbani kwao hauvuki mlango wa hoteli.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu tangu treni ya SGR ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, kufika kanda ya kati kumekuwa rahisi, na mgeni aliyepokewa kwa ubaridi hatakosa kuwasimulia wenzake.

Nawaomba wenye hoteli waongeze angalau mtu mmoja mapokezi nyakati ambazo wageni huingia kwa wingi, na wawapeleke wahudumu wao kwenye mafunzo mafupi, kwa kuwa VETA na Chuo cha Taifa cha Utalii hufundisha kazi hizi. Wawaeleze pia habari za ziwa lenyewe, ndege wake na chumvi yake, ili mgeni akiuliza ajibiwe. Nayo Wizara ya Maliasili na Utalii, inapozipanga hoteli kwa nyota, isiishie kukagua vitanda na vyoo. Wakaguzi wakae mapokezi nusu saa waone wageni, hasa wazee, wanavyopokewa.

Msomaji wako,
Area C, Dodoma