Fomula ya mnato wa gesi ina mipaka yake

Mhariri, salamu sana. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana ile makala yenu ya gesi imenikera, mwandishi kasema gesi ikipata joto mnato, yaani ule ugumu wa kutiririka, unapungua kwa hiyo inapita kirahisi, hapana jamani, hiyo ni tabia ya mafuta ya nazi. Gesi kwenye presha ya kawaida ni kinyume, ukiipasha moto mnato unapanda. Ukiibana sana kama ilivyobanwa huko chini ya ardhi ndo inaanza kuiga tabia za kimiminika, na hapo kweli joto linaweza kuushusha.

Sasa kuupima mnato kwa presha ya kisima si kazi ya mchezo, mitambo yake ni ghali, ndo maana mainjinia wengi wanakadiria kwa fomula. Inayotumika sana ni ya Lee, Gonzalez na Eakin, ilitoka Marekani 1966. Unaipa vitu vitatu tu, joto, densiti na uzito wa molekyuli. Zile namba nyingine zilizomo ndani, 209, 19, 986 na wenzake, hazikushuka kutoka kwenye nadharia, zilirekebishwa mpaka zikakaribiana na vipimo vya maabara, na joto lazima uliweke kwa Rankine, kipimo kinachoanzia sifuri halisi kama Kelvin ila kwa hatua za Farenhaiti, hapo ndo watu wanaponaswa.

Chukua methani tupu, nyuzi 38 za Selsiasi, densiti gramu 0.1 kwa sentimita ya ujazo, presha hapo ni kama bar 140. Ukiweka Rankine 560, ambayo ndiyo hiyo 38, unapata mnato wa sentipoizi 0.0156. Ukiweka 38 hivyo hivyo kompyuta inakurushia linamba la ajabu na utashtuka mwenyewe. Balaa ni ukiweka Kelvin, 311, unapata 0.0122, namba ina sura nzuri kabisa na hakuna wa kuistukia, kumbe imepungua kwa zaidi ya asilimia 20!

Mtu ataniambia tofauti ya 0.003 ni nini. Ndani ya bomba kubwa kweli haina neno sana, gesi inakimbia kwa vurugu na msuguano unategemea zaidi ukwaruzo wa chuma. Lakini ndani ya mwamba, kwa sheria ya Darcy, ile ya mtiririko kwenye vitundu vya mwamba, mtiririko unagawanywa kwa mnato moja kwa moja, kwa hiyo makadirio ya kisima chako yanavimba kwa zaidi ya robo na hujagusa kitu kingine chochote.

Halafu kuna mipaka. Vipimo vya 1966 vilikuwa vya joto la kama nyuzi 38 hadi 171 na presha hadi psi 8,000 (kama bar 550), kaboni dayoksaidi ilikuwa kidogo, asilimia 0.9 hadi 3.2, na gesi yenye salfa haikuhusika. Ukiwa na gesi chafu ya aina hiyo ni bora urudi kwenye chati za Carr, Kobayashi na Burrows za 1954, zile zina marekebisho ya salfa, naitrojeni na kaboni dayoksaidi. Sisi Tanzania tuna bahati, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay karibu yote ni methani, hapo kwa hali ya kisimani fomula inatutosha kabisa na wanaoiponda kwa sababu ni ya zamani wanaionea tu.

Kwenye bahari kuu ndo nina wasiwasi. Kuna visima vyetu vimechimbwa kwenye maji ya kina cha zaidi ya mita 2,000, na huko sakafuni baridi ni ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, gesi ikishatoka kisimani na kusafiri kwenye bomba la chini ya bahari inapoa mpaka chini ya ile 38, yaani nje kabisa ya vipimo vilivyoizaa fomula. Kompyuta haitakwambia, yenyewe inatoa jibu tu. Kwa hiyo mkiandika tena kuhusu miradi ya huko, mwandishi aulize joto lipi, presha ipi, fomula ipi, na kama sampuli ya gesi yenyewe imepimwa maabara. Na ile sentensi ya joto naomba muisahihishe toleo lijalo.

Msomaji wenu,
Mtwara